Riziki, Bahati na Jasho la Mtu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, mwezi uliopita baada ya darsa ya usiku kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Tunamjua tangu alipokuwa akihifadhi Juzuu Amma. Alisubiri tukunje mikeka, kisha akasema, "Ustadhi, nina swali, lakini usinikasirikie."

Baba yake alikuwa na meza ya vitenge katika Soko Kuu la Bujumbura. Miaka na miaka mzee huyo alitoka nyumbani Buyenzi mara tu baada ya swala ya Alfajiri. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko lile liliungua, na mzee hakuokoa hata kipande kimoja cha kitambaa. Hakuwa na bima. Jirani yake wa meza ya pili alikuwa mtu wa kuchelewa kufungua na mzigo wake mwingi ulikuwa bado nyumbani, basi yeye akapona. Kijana wetu wakati ule alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa ni mtu mzima, amefanya kazi garaji kidogo, akaacha. Akatuambia: "Baba alihangaika, jirani alilala. Nani alipata? Basi si bora mtu ajaribu bahati yake tu?" Akatuonyesha simu. Alikuwa anabeti mpira.

Jibu la haraka tulikuwa nalo mdomoni: mwanangu, riziki imeandikwa. Lakini tulilimeza. Jibu hilo alishalisikia kwetu tangu utotoni, na ndilo hilo hilo alilolitumia kuacha kwenda garaji. Tukamwomba atupe muda, tukamwahidi kwamba tutamwandikia habari za watu waliouliza swali lake kabla yake. Makala hii ni ahadi ile.

Wanafunzi wetu walioko vyuo vikuu wanalikuta swali hili katika somo la saikolojia. Mwaka 1966 Mmarekani Julian Rotter alichapisha dodoso lenye vipengele 29. Katika kila kipengele kuna kauli mbili, na mtu anatakiwa kuchagua moja. Kwa jumla upande mmoja unasema yanayomfika mtu yanatokana na juhudi zake mwenyewe, upande wa pili unasema yanatokana na bahati, au majaaliwa, au wakubwa wenye nguvu. Dodoso hilo limetumika sana, hata kupima wafanyakazi, na hatuna ugomvi nalo. Ila linamlazimisha mtu achague mlango mmoja. Historia tunayotaka kuisimulia ni ya watu ambao wengi wao walikataa kuchagua, na walikuwa na sababu.

Soko la Banu Qaynuqa’

Muhajirina walipofika Madina mwaka wa 1 Hijria (622), Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu na Ansari. Abdurrahman bin Awf (r.a.) aliunganishwa na Sa’d bin Rabi’ (r.a.), mtu mwenye mali nyingi. Sa’d akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa’, akafanya biashara, akarudi na jibini kavu na samli. Habari hii imo katika Sahih al-Bukhari.

Sisi waalimu tunaipenda sana habari hii na mara nyingi tunaikatia hapo, tukawaambia vijana: mmeona, jitumeni! Lakini ina vipande vingine viwili ambavyo havisimuliwi sana. Kwanza, katika Musnad ya Imam Ahmad, Abdurrahman mwenyewe anaeleza hali yake ya baadaye, kwamba alifika mahali ambapo hata akiinua jiwe alitarajia kukuta dhahabu au fedha chini yake. Hakujisifu kwa akili ya biashara. Mtu aliyekataa nusu ya mali ya bure akaenda kuuza samli ndiye huyo aliyeona kwamba faida inamjia kwa njia asizoweza kuzihesabu.

Pili ni habari ya Sa’d. Huyu mkarimu aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Mkewe akaja kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti wawili wa Sa’d kushtaki kwamba ami yao ameichukua mali yote, hakuwaachia kitu. Katika tukio hilo ndipo iliposhuka aya ya mirathi, na mali ikagawanywa kwa haki. Angalieni vizuri. Mabinti wale hawakuwa wavivu, na umaskini wao haukuwa bahati mbaya. Ulikuwa mkono wa mtu. Hakuna aliyewaambia wasubiri kwa kuwa ndivyo walivyoandikiwa. Ami aliamrishwa arudishe. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu katika mabishano ya juhudi na bahati mkono huu wa tatu husahauliwa.

Bonde lenye pande mbili

Tauni ya Amwas, ambayo ni mahali huko Palestina, iliwapata Waislamu mwaka wa 18 Hijria (639). Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh, majemadari wakiongozwa na Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) walimpokea na habari ya maradhi. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo akawataka shauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi waliohama wakati wa Fat-h, hao wakawa na kauli moja: arudi na watu. Akatangaza kurudi.

Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akatamani swali hilo lingetoka kwa mtu mwingine, maana alikuwa hapendi kumpinga Abu Ubayda. Akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Kisha akampa mfano wa mtu mwenye ngamia walioshuka katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Akiwalisha penye majani amewalisha kwa qadar ya Allah, na akiwalisha pakavu pia ni kwa qadar ya Allah.

Mfano huu ni wa mtu wa kazi. Mchungaji hakuliumba bonde wala hakuileta mvua. Lakini ngamia wakikonda, mwenye ngamia hatamuuliza habari za mvua, atamuuliza kwa nini aliwapeleka upande ule. Swali la mchungaji ni dogo na linajibika: leo niwapeleke upande gani?

Baadaye akaja mtu aliyekuwa na shughuli zake na hakuwepo katika mashauriano, akasema ana elimu juu ya jambo hili, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Mtu huyo ni Abdurrahman bin Awf, yule yule wa sokoni. Umar alirudi Madina. Abu Ubayda alirudi kwa jeshi lake, na tauni ile ikamuua, na baada yake Mu’adh bin Jabal (r.a.). Hatujapata mwanachuoni aliyesema kwamba aliyepona alikuwa na akili na aliyekufa alizembea.

Watawala walipoipenda qadar

Wengi wetu tumeihifadhi hadithi ya Jibril, ile ya Uislamu, Imani na Ihsani. Lakini wachache tunasoma inavyoanza katika Sahih Muslim. Inaanza na Yahya bin Ya’mar akisema kwamba wa kwanza kuzungumza juu ya qadar huko Basra alikuwa Ma’bad al-Juhani. Yahya na mwenzake Humayd bin Abdirrahman walikwenda Makka, wakamkuta Abdullah bin Umar (r.a.), wakamweleza kwamba kuna watu wanaosoma Qur’ani na kutafuta elimu, nao wanadai hakuna qadar. Ibn Umar akajitenga na kauli hiyo kabisa, ndipo akasimulia hadithi ile kutoka kwa baba yake. Huo ndio msimamo wa Ahlu Sunna hadi leo na hatuna la kuongeza.

Lakini kwa nini swali liliibuka Basra, na wakati ule? Ibn Qutayba amepokea kwamba Ma’bad na Ata’ bin Yasar walimwendea Hasan al-Basri (aliyefariki mwaka 110 H, yaani 728) wakamlalamikia watawala wa zama zao, wanaomwaga damu za Waislamu na kuchukua mali zao, kisha wanasema matendo yao yanakwenda kwa qadar ya Allah. Hasan alisema watu hao ni waongo. Ma’bad alikosea katika jibu lake, na aliuawa takriban mwaka wa 80 H (699). Ila malalamiko yake yalikuwa na chanzo. Mtu akikunyang’anya mali yako kisha akakuambia ndivyo ulivyoandikiwa, amekudhulumu mara mbili.

Ndege aliyevunjika bawa

Basi karne ya pili Hijria mabishano yakahamia kwenye kazi yenyewe. Yalikuwa na mzizi wa zamani. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, na imo katika al-Bukhari, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakijiita wenye kutegemea, na wakifika Makka huomba watu. Ikashuka aya ya kuwaamrisha wachukue masurufu.

Katika mji wa Balkh, Afghanistan ya leo, alikuwepo Shaqiq al-Balkhi (aliyefariki mwaka 194 H, yaani 810), mfanyabiashara aliyegeuka kuwa mtu wa zuhudi. Kinasimuliwa kisa kwamba akiwa safarini kwa biashara aliona ndege aliyevunjika bawa, amelala jangwani, na ndege mwingine akimletea chakula. Akasema moyoni, anayemruzuku huyu atanipa na mimi. Akarudi nyumbani. Ibrahim bin Adham alipopata habari akamuuliza kwa nini amechagua kuwa yule mgonjwa wala asiwe yule mzima anayelisha. Hatuwezi kuthibitisha kila neno la kisa hiki, lakini kimebaki vinywani mwa watu miaka mingi, nasi tunadhani ni kwa sababu kila familia ina ndege hao wawili.

Wanachuoni hawakuliacha jambo hilo kwenye visa tu. Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 189 H (805), aliandika kitabu kizima juu ya kuchuma, Kitab al-Kasb, ambacho kimetufikia pamoja na sherehe ya al-Sarakhsi. Alisema kutafuta riziki ni faradhi kama ilivyo faradhi kutafuta elimu. Akagawa njia za uchumi nne: kazi ya ujira, biashara, kilimo na ufundi. Al-Harith al-Muhasibi (aliyefariki mwaka 243 H, yaani 857), ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa zuhudi kubwa, aliandika kumrudi Shaqiq. Na Abu Bakr al-Khallal (aliyefariki mwaka 311 H, yaani 923) alikusanya majibu ya Imam Ahmad bin Hanbal na wengine kuhusu watu wanaokaa wakisubiri riziki iwafuate. Imam Ahmad aliwakumbusha hadithi ya ndege, kwamba wao hutoka asubuhi na njaa. Neno zito hapo ni kutoka.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna jambo linalotufurahisha. Al-Khallal maana yake ni muuza siki. Tazameni majina mengine katika vitabu vyetu: al-Khassaf, mshona viatu, faqihi mkubwa wa Kihanafi aliyeishi kwa ufundi huo huo; al-Jassas, fundi wa chokaa; al-Bazzaz, muuza nguo; al-Zajjaj, fundi wa vioo, bingwa wa nahau. Abu Hanifa aliuza vitambaa vya hariri Kufa. Al-Qaffal al-Marwazi (aliyefariki mwaka 417 H, yaani 1026) alikuwa fundi kufuli, akaanza kusoma fiqhi akiwa na umri wa miaka 30. Mafundi wa garaji wa Buyenzi wanaodhani vitabu vile viliandikwa na watu wasioshika spana wanakosea.

Mizani ya Ghazali

Abu Hamid al-Ghazali (450–505 H, yaani 1058–1111) ndiye aliyelipanga jambo hili kwa namna ambayo hata mtoto anaelewa. Katika Ihya, kwenye kitabu cha tawhidi na tawakkul, amezipanga sababu katika daraja tatu. Zipo za yakini: chakula kiko mbele yako, una njaa, hunyooshi mkono, unasema unamtegemea Mungu. Kwa Ghazali huo si utegemezi, ni wazimu. Vivyo hivyo asiyepanda mbegu akangoja mavuno. Zipo zenye dhana yenye nguvu, kama msafiri kubeba chakula. Hakuna hakika kwamba bila ya hicho atakufa, wala kwamba akiwa nacho atafika, lakini kubeba hakupunguzi tawakkul. Na zipo za kuwaza tu, kama mkosi wa ndege na hila za mbali zisizo na mashiko, na hizo ndizo zinazomtoa mtu kwenye tawakkul.

Daraja hii ya tatu wazee wetu waliijua vizuri. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake, kinaonyesha jinsi watu wa pwani walivyotafuta waganga na siku njema kabla ya kufunga safari ya bara. Wapagazi, posho, vitambaa na shanga vilihesabiwa kwa makini, kisha safari ikangojea nyota. Leo kijana hahitaji mganga, ana simu. Kubeti ni kamari, na kamari ni haramu kwa aya iliyo wazi, hilo halina mjadala. Lakini hata kabla ya kufika kwenye haramu, katika mizani ya Ghazali ni kuacha chakula kilicho mbele yako ukaenda kutazama ndege anaruka upande gani.

Wazazi waangalie na hili pia: Ghazali hakumruhusu mwenye watoto kujaribu tawakkul kwa tumbo la watoto wake. Akitaka kuvumilia njaa, avumilie yake.

Ibn Khaldun, hazina na bahari

Tumemwacha Ibn Khaldun (1332–1406) mwisho kwa sababu anamjibu kijana wetu kuliko wote. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, anasema chumo la mtu kwa sehemu kubwa ni thamani ya kazi yake. Kisha anawataja watu wanaochimba ardhi kutafuta hazina zilizozikwa, na wanaouziana karatasi kuukuu zenye alama za kuonyesha mahali pake. Anasema hiyo si njia ya maumbile ya kuishi. Anataja sababu zake: udhaifu wa akili, kushindwa kuchuma kwa biashara, kilimo na ufundi, na kuzoea anasa ambayo pato halitoshi kuilipia. Tukimsoma tunawaona watu tunaowajua.

Lakini hakuishia kuwalaumu. Ameandika pia juu ya jaha, yaani cheo na kujuana na wakubwa, kwamba mwenye jaha hupata mali nyingi kwa sababu watu humfanyia kazi bure ili wajikurubishe kwake, na fundi hodari asiye na jaha hubaki na kidogo. Vijana wanaposema kazi zinakwenda kwa wanaojuana, hawajabuni kisingizio. Msomi wa Tunis aliliona miaka mia sita iliyopita. Na hili si bahati, tunarudi kwa ami wa mabinti wa Sa’d.

Na bahati yenyewe ni nini? Katika mlango wa vita Ibn Khaldun anasema ushindi mara nyingi huja kwa sababu zilizofichika, na yanayotokea kwa sababu zilizofichika ndiyo yanayoitwa bakht. Neno hilo ni la Kiajemi, likaingia Kiarabu, na kwetu ndilo bahati. Kwa hiyo bahati si nguvu inayokaa mahali ikigawa vitu, wala haiwezi kubembelezwa. Ni jina tunalolipa lile ambalo hatukuliona sababu yake. Allah anaiona.

Aliyeandika hayo alikuja kuyaonja. Alikwenda Misri mwaka 1382. Familia yake ilizuiliwa Tunis, mpaka Sultani Barquq wa Misri alipomwombea kwa Sultani wa huko. Wakapakiwa katika merikebu. Mwaka 1384 merikebu hiyo ilizama karibu na Iskandaria, akapoteza mke, mabinti na mali kwa mara moja. Alikuwa amefanya kila sababu inayoweza kufanywa, hata kumtumia sultani. Mwaka huo huo alikuwa ndiye kadhi wa Kimaliki wa Cairo. Katika miaka iliyobaki aliendelea kufundisha, aliuzuliwa na kurudishwa kwenye ukadhi mara kadhaa, na akaendelea kuirekebisha Muqaddima. Maneno yake juu ya thamani ya kazi hakuyafuta.

Tulipomsomea kijana habari hii, alinyamaza kisha akauliza kama moto wa soko ulikuwa bahati mbaya au la. Tukamwambia moto ulikuwa na chanzo chake, na baba yake hakukiona, kwa hiyo asimlaumu baba, na baba asijilaumu. Tukamwuliza mzee anafanya nini siku hizi. Anauza vitenge katika soko jingine, bado anatoka baada ya Alfajiri, lakini kila jioni sehemu ya mzigo huirudisha nyumbani kwa baiskeli ya kukodi. "Ananichosha," kijana akasema, "mimi ndiye ninayeupakua."

Simu hajaifuta ile programu. Jumatatu alikwenda garaji. Jumanne hatujui.

Wallaahu a’alam.